Ngumi saba kwa mwizi mmoja: uchambuzi wa kisa cha gemu ya supahiro iliyokuwa haina raha

Usuli

Kisa hiki ni cha timu ndogo sana, watu wachache wanaofahamiana, waliokuwa wanatengeneza gemu ya supahiro. Majina, jina la gemu na duka walipoiuzia nimeyatoa, na vitu viwili vitatu nimevigeuza kidogo wasijulikane, ila mtiririko wa mambo ni ule ule ulivyokuwa.

Supahiro wao walimtunga wenyewe, maana leseni ya hawa maarufu timu kama hiyo hata ndotoni haiiwezi. Anaruka angani, anabeba gari kwa mkono mmoja, risasi hazimuingii. Mji mmoja wa kuzunguka, misheni za kutosha, adui mkuu mwenye hadithi yake. Ukisoma maelezo ya gemu unasema hii nimeipenda. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya watu wanaojaribu na kuandika wanachofanya, sio wanachosema, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa kama utakavyoona.

Watu walicheza, wakasema "iko poa", wakaweka kontrola mezani wakashika simu zao. Hakuna aliyeomba kurudia. Kuna jamaa mmoja alipewa mji mzima ajirushe anavyotaka, akapaa, akaelekeza stiki kwenye alama ya misheni, akaenda mstari ulionyooka kama rula, mkono wa kulia ukaacha kontrola kabisa ukaenda kujikuna shingo mpaka akafika. Mtu anaruka juu ya maghorofa kwa spidi ya ndege na ana muda wa kujikuna shingo. Nilipomwonyesha dizaina wao hiyo video alinyamaza muda mrefu.

Tatizo lenyewe lilivyokuwa

Kwenye kupigana ndo kulikuwa kubaya zaidi. Kila adui, hata yule kibaka wa kawaida mwenye fulana, alikuwa na mstari wa damu juu ya kichwa, yaani kipimo cha uhai uliombakia, na ili umalizane naye unampiga ngumi sita, saba. Sasa fikiria, sekunde kumi zilizopita umenyanyua lori, halafu unashuka chini unampiga mwizi wa pochi ngumi saba na bado anarudisha. Mchezaji mmoja aliuliza kwa sauti, "huyu mwizi kala nini leo?" Chumba kizima kilicheka, ila hiyo ndo ilikuwa ripoti nzuri kuliko zote tulizopata.

Na mji wenyewe ulikuwa kama umechorwa ukutani. Ukitua kwa kishindo lami haipasuki, ukimrusha mtu kwenye kioo anagonga anaanguka chini kioo kiko vile vile, watu wa barabarani wanapita tu na mifuko yao. Nguvu zote zilikuwa kwenye mwili wa supahiro, nje ya mwili wake hakuna kitu kilichokuwa na habari nazo.

Uamuzi wa kwanza: kuongeza namba

Timu ilikaa ikaamua kwamba mchezaji hasikii nguvu kwa sababu anapewa zote mwanzoni, hajazitolea jasho. Kwa hiyo wakamnyang'anya. Sasa unaanza ukitembea kwa miguu, kuruka unakupata sura ya tatu, na kuna mti wa apgredi, yaani orodha ya nyongeza za nguvu unazozifungua moja moja, wenye matawi mengi, ngumi inaongezeka asilimia tano, spidi asilimia tatu, na kadhalika.

Usiwacheke, sababu zao zilikuwa za maana. Waliogopa mchezaji atamaliza kila kitu saa ya kwanza aondoke, na gemu nyingi kweli zinakushika kwa kukufanya ukue kidogo kidogo. City of Heroes ya 2004 mwanzoni nguvu halisi za kusafiri kama kuruka ulikuwa unazipata kuanzia levo ya 14, na watu waliipenda ile gemu mpaka seva zilipozimwa 2012. Lakini pale ulikuwa mtandaoni na wenzako, umejitungia supahiro wako kuanzia rangi ya viatu, kusubiri kulikuwa na utamu wake. Hii ya kwetu uko peke yako, picha kwenye kava inamwonyesha jamaa yuko juu ya mawingu, halafu unawasha unakuta unatembea kwa miguu kama mtu aliyekosa daladala.

Matokeo yakawa mabaya kuliko mwanzo. Wengi hawakufika sura ya tatu. Waliofika, zile apgredi hawakuzisikia hata kidogo, kwa sababu ngumi ikiongezeka asilimia tano damu ya maadui nayo inapanda kulinganisha ugumu, yaani saba zinabaki saba. Unapanda ngazi na sakafu inapanda na wewe. Ni ugonjwa ule ule uliosumbua Marvel's Avengers ya 2020, gemu yenye bajeti ya kutisha, una Hulk na Thor mkononi, ila muda mwingi unalinganisha vifaa vyenye nyongeza ndogo ndogo na kupiga maroboti yasiyoisha. Ilikuja kuondolewa sokoni mwishoni mwa Septemba 2023, na sitasema ni kwa hilo peke yake, ila kila niliyecheza naye lalamiko lake lilianzia hapo.

Kurudi mezani

Hapa dizaina alifanya kitu nilichokipenda sana. Alimwambia kila mtu alete gemu moja ya supahiro na tukio moja tu ndani yake, sio gemu nzima. Ulicheze mbele ya wenzako huku unasema vidole vyako vinafanya nini, unabonyeza nini, unaachia lini.

Wa kwanza alileta Spider-Man 2 ya 2004, ile ya studio ya Treyarch. Kwenye gemu za kabla yake utando ulikuwa unanata hewani tu, huulizi umeshika nini. Kwenye hii utando lazima ushike jengo kweli, Jamie Fristrom, mmoja wa waliyoitengeneza, ndo alipigania jambo hilo ndani ya timu yao. Jamaa yetu alikuwa anabembea huku anaeleza: nashika hapa, naachia nikiwa karibu kabisa na juu, nikichelewa napoteza mwendo, nikifika kwenye bustani hakuna jengo basi nimekwama natembea. Mara mbili alijigonga ukutani na hakukasirika. Misheni za gemu ile wengi wameshazisahau, ila kubembea hakuna aliyesahau.

Mwingine alileta Batman: Arkham Asylum ya 2009, na wote tulidhani ataonyesha ngumi, kumbe akaonyesha chumba chenye maadui wenye bunduki. Batman wa mle risasi chache zinammaliza, kwa hiyo unakaa juu kwenye masanamu unamchukua mmoja mmoja, na kadiri wanavyopungua wanaobaki wanaanza kutetemeka, wanapiga kelele, wanageuka geuka wanafyatua hovyo. Yule jamaa aliweka kontrola chini kabisa akawa anawasikiliza tu wanavyoogopa, anatabasamu. Hajabonyeza chochote na anajisikia yeye ni Batman.

Ikaletwa pia The Incredible Hulk: Ultimate Destruction ya 2005, ambayo unachana gari katikati unalivaa mikononi kama glavu za chuma, na hapo hakuna la kueleza, unacheka tu. Na mmoja kwa utani akaleta Superman ya Nintendo 64, ile ya 1999 ya kupita kwenye mapete hewani, mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani kapewa kazi ya kutii mapete. Utani ule ulisaidia, maana misheni ya pili ya gemu yetu ilikuwa ni kupita kwenye alama hewani. Ilifutwa jioni ile ile.

Kuruka kulivyojengwa upya

Kuruka kwa mwanzo ilikuwa stiki mbele unaenda mbele, ukiachia unasimama papo hapo. Programa akaweka uzito. Sasa spidi haitoki kwenye batani, inatoka kwenye kushuka: unajitupa chini kutoka juu ya ghorofa, unakusanya mwendo, unavuta juu dakika ya mwisho karibu na lami na ule mwendo unabaki nao. Ukivuta mapema sana hujapata kitu, ukichelewa unalima barabara. Wakaongeza pia kwamba ukipita karibu na kuta za majengo unapata msukumo kidogo, na upepo unabadilika sauti.

Kamera ilichukua muda kuliko fizikia yenyewe. Ukishuka inasogea nyuma na upana wa picha unaongezeka, ukivuta juu inachelewa kidogo kukufuata, kwa hiyo kwa nusu sekunde unamuona supahiro anakutangulia wewe mwenyewe. Ni uongo mtupu wa kamera ila tumbo linaamini.

Yule jamaa wa kujikuna shingo aliitwa tena bila kuambiwa nini kimebadilika. Misheni ilikuwa kaskazini, yeye akaenda kusini kwenye maghorofa marefu, akajitupa, akalima lami, akapanda tena. Mikono yote miwili kwenye kontrola.

Ngumi na kutua

Kwenye ngumi waligundua kitu cha aibu kidogo. Kati ya kubonyeza batani na ngumi kufika kulikuwa na karibu robo sekunde, kwa sababu muanimeta, yule anayechora miondoko, alitaka mkono uvutwe nyuma vizuri uonekane una nguvu. Kwa picha ilipendeza sana. Kwa mkono ilikuwa kama unamtuma mtu akakupigie. Gemu ya fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde kila fremu ni kama milisekunde 17, na mkono wa mtu unazihisi hata kama mdomo hauwezi kuzitaja. Wakageuza: mvuto wa nyuma ukakatwa ukabaki fremu chache, na uzito wote wakauhamishia baada ya kugonga. Ngumi ikifika, picha inaganda fremu nne tano, halafu adui anaondoka anapita kwenye meza, anapita kwenye kioo, anaishia upande wa pili wa barabara. Kontrola inatetemeka muda ule wa kuganda tu, sio kabla wala baada.

Damu za vibaka zikafutwa zote. Kibaka wa kawaida ngumi moja. Dizaina mwenyewe aliogopa hili, akasema sasa ugumu utatoka wapi, na kwa muda kweli haukuwepo.

Kutua nako kukapewa kipimo chake. Ukitua kutoka chini unatua tu, ukitua kutoka juu sana lami inapasuka duara, vumbi linapanda, ving'ora vya magari yaliyoegeshwa vinaanza kulia kimoja kimoja kwenda mbali, na watu wanakimbia, wengine wanasimama wanakupiga picha na simu. Vile ving'ora vilikuwa wazo la mtu wa sauti, vilimchukua mchana mmoja, na naamini viliuza gemu kuliko mti mzima wa apgredi. Watu walikuwa wanapanda juu na kutua palepale mara nyingi kwa ajili ya ving'ora tu. Ukiwauliza baadaye wangependa kuongezewa nini, wanajibu "mapigo mengi zaidi". Hawakuwa wanatumia hata nusu ya mapigo waliyokuwa nayo.

Steringi hafi, sasa wasiwasi utoke wapi?

Wote tumekua tunajua steringi hafi. Kwenye sinema haisumbui, ila kwenye gemu kama hufi na adui anakufa kwa ngumi moja, unacheza nini? Timu ilikataa kurudisha damu za maadui, na hapo ndo ulikuwa uamuzi wao mkubwa kuliko wote. Walisema ugumu usiwe kwenye kumpiga mtu, uwe kwenye kufika kwa wakati na kuchagua.

Kuna gemu ilishajaribu njia hii, Superman Returns ya 2006, ambayo Superman hana mstari wa damu, mji ndo unao, mji ukiumia sana umeshindwa. Wazo zuri, ila mji mzima kuwa mstari mmoja pale juu ya skrini mtu hauoni uchungu wake, ni namba inapungua. Timu yetu ikaivunja vipande vipande: badala ya damu ya mji, watu. Basi linaning'inia darajani na wakati huo huo majambazi wana mateka ghorofani, na umbali kati yao umepimwa uwe mgumu ila unawezekana kama unajua kuruka vizuri, kujitupa na kuvuta juu, sio kwenda mstari ulionyooka. Na nguvu zenyewe zikawa hatari, ukimpiga mtu kuelekea kwenye umati unaumiza watu, ukitua kwa kishindo karibu na mateka unawaangusha. Kwa hiyo mchezaji akaanza kufikiria pa kutua, aelekeze ngumi wapi, ashike au arushe. Kibaka bado ni ngumi moja, ila hiyo moja sasa ina akili ndani yake.

Matokeo

Gemu ilitoka. Haikuvuma dunia nzima, ila ilirudisha gharama na watu waliendelea kuicheza muda mrefu baada ya kumaliza hadithi, wengi wakizunguka tu mjini bila misheni. Maoni mengi yalisifia kuruka na kutua. Malalamiko nayo yalikuwepo na mengi ni ya haki. Kwenye kompyuta dhaifu vipande vya lami na vioo vilikuwa vinaishusha gemu mpaka inakwama, timu ikalazimika kufanya mabaki yapotee haraka, na ukitua ukageuka nyuma unakuta barabara imeshapona, raha nusu inaondoka. Simu za kuomba msaada nazo zilikera. Katikati ya kujitupa kwako kuzuri redio inakwambia paka yuko juu ya nguzo, wakapunguza baadaye.

Halafu kuna bosi wa mwisho, yule adui mkuu wa kufunga gemu. Huyo nitamfikia.

Uchambuzi: kipi kilibeba gemu

Ukiwauliza wao watakwambia ni fizikia ya kuruka. Mimi naona fizikia ilikuwa nusu. Kilichobadilika kweli ni kwamba nguvu ilitoka mwilini mwa supahiro ikaenda kwenye vitu anavyovigusa. Mchezaji hawezi kuisikia nguvu ya mhusika moja kwa moja, hana misuli ile, anachoweza kuona ni lami, kioo, kibaka aliyeruka barabara, ving'ora, sura za watu. Namba kwenye mti wa apgredi inamwambia ana nguvu. Ving'ora vinamthibitishia. Maadui wa Arkham wanaotetemeka wanafanya kazi hiyo hiyo bila kuvunja hata kikombe, kwa hiyo usidhani lazima uwe na bajeti ya kubomoa mji.

La pili ni kwamba nguvu nyingi haizuii ustadi, kinachouzuia ni nguvu isiyoomba chochote kwa mkono. Kuruka kwa mwanzo kulikuwa na nguvu sawa na kwa mwisho, kama sio zaidi, ila hakukuwa na namna ya kukufanya vizuri wala vibaya. Mtu anataka aone leo ameruka vizuri kuliko jana na asihusishe apgredi yoyote, ni vidole vyake tu. Ndo maana kujigonga ukutani hakukumkasirisha mtu kwenye ile Spider-Man ya 2004 wala kwenye hii. Na ni mpaka ulio ndani ya nguvu yenyewe unaofanya hivyo. Gemu ya Infamous ya 2009 ilijua hili, jamaa anatumia umeme, kwa hiyo anaunyonya kwenye taa na magari ya mjini, na maji ya kina yanamuua. Huhitaji kumpunguzia damu, mpe tu mahali nguvu yake inapotoka na mahali isipofika.

Kuhusu kunyang'anya nguvu mwanzoni, sisemi haifai popote. Ila ukitaka kufanya hivyo basi kile kidogo unachomwachia kiwe kitamu tayari. Walichoacha wao ni kutembea.

Na jinsi walivyogundua haya nayo ni ya kuzingatia. Kama wangefuata majibu ya watu kwenye fomu wangeongeza mapigo mapya mwaka mzima. Walifuata mikono, nani kaachia kontrola, nani karudi kutua palepale.

Kilichofeli na hakikupona

Bosi wa mwisho alikuwa adui mwenye nguvu sawa na supahiro, na wakampa kila kitu walichokuwa wamekikataa kwa wengine: mstari mrefu wa damu, hatua tatu, unampiga kwa dakika nyingi. Sababu yao ilikuwa kwamba huyu ni saizi yako, lazima achukue muda. Ila mchezaji alishafundishwa gemu nzima kwamba ngumi yake inamaanisha kitu, halafu dakika za mwisho inageuka kuwa ile ngumi ya saba ya mwizi wa pochi. Wengi waliacha hapo hapo. Muda nao ulichangia, yule bosi alitengenezwa mapema kabla ya mabadiliko na hakuna aliyepata nafasi ya kumrudia kabla gemu haijatoka.

Patchi iliyofuata, yaani marekebisho ya baada ya gemu kutoka, ilimbadilisha: sasa anapigwa ngumi tatu tu basi, kazi ni kumfikia, anakimbia angani kati ya maghorofa na kila ukimkosa anaangusha kitu juu ya watu na wewe unachagua umfuate au uwaokoe. Wanaomaliza wameongezeka. Ila kuna kundi bado linaandika kwamba pambano limekuwa fupi mno, na dizaina naye mpaka leo hajakubaliana na mimi kwamba hao ni wachache wa kuachwa.